Mama mdogo, umeuliza kwa nini alikubali

Mama mdogo, sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mara tatu. "Kama mwanangu hakuiba, kwa nini alikubali kosa?" Baba mkubwa naye akajibu kwamba Marekani hakuna kuonewa, kesi inaamuliwa na raia kumi na wawili wasiokujua. Shikamoo baba mkubwa, lakini hapo siwezi kunyamaza.

Hao kumi na wawili wapo, wanaitwa juri. Mdogo wangu hakuwaona. Alikaa rumande miezi mitano kwa kukosa pesa ya dhamana, ndipo mwendesha mashtaka akaleta karatasi: kiri wizi mdogo utoke leo, au kataa nikushtaki kosa la miaka kumi. Mahakama ya Juu ya huku yenyewe iliandika mwaka 2012 kwamba katika kila watu 100 wanaotiwa hatiani mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu, 97 wamekiri. Mahakama za majimbo, 94. Video ya kamera ya lile ghala analodaiwa kuiba hatujaonyeshwa mpaka leo.

Na aliyemwambia "saini utoke" ni mimi. Nilimwona nyuma ya kioo, shingo imekuwa nyembamba kama ya mtoto, nikaogopa jela nikasahau uhamiaji. Tangu 2010 wakili analazimika kumweleza mgeni kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Wakili wetu alilisema mlangoni, sentensi moja, ameshika faili la mtu mwingine. Sasa mtoto yuko kizuizini cha uhamiaji. Nisamehe, mama.

Ningeweza kumwambia asubiri juri? Mwaka jana, baada ya kupata uraia, niliitwa mimi kuchujwa kama nafaa kukaa kwenye juri ya kesi ya kijana mmoja mweusi. Nilikuwa namba 17. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nitamwamini polisi akitoa ushahidi. Nikasema nitamsikiliza kama ninavyomsikiliza mtu yeyote. Akakata namba yangu, na ya mama mmoja wa Haiti. Wakili wa kijana akalalamika, wakasogea kwa jaji kunong'ona. Nilikaa mstari wa mbele, nikasikia sababu ya kunikata: "Hatazami usoni." Mama, wewe ndiye uliyenifundisha nisimkodolee macho mkubwa ninapoongea naye! Jaji akakubali, nikaambiwa asante, nikaenda kituo cha basi.

Kumkataa mtu kwenye juri kwa rangi yake kumekatazwa tangu 1986, kwa hiyo hutafutwa sababu nyingine. Kule Mississippi, Curtis Flowers alishtakiwa mara sita na mwendesha mashtaka yuleyule kwa mauaji yaleyale. Kati ya watu weusi 42 ambao angeweza kuwaondoa kwenye juri, aliwaondoa 41. Mahakama ya Juu ilitengua hukumu mwaka 2019, mashtaka yakafutwa 2020. Miaka zaidi ya ishirini ya mtu imekwenda. Na John Thompson wa New Orleans alikaa miaka 14 akisubiri kutekelezewa hukumu ya kifo, kumbe waendesha mashtaka walificha kipimo cha damu. Alipotoka akashtaki, juri ikaamua alipwe dola milioni 14. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikazifuta zote.

Wapo waendesha mashtaka waadilifu, wengine hufungua wenyewe kesi za zamani kuwatoa waliofungwa bure. Sitawasingizia wote.

Mnaojiandaa kuja, njooni, kazi ipo. Ukikamatwa usiongee na polisi bila wakili. Usikiri kosa usilolifanya, hata kidogo. Lakini ukiwa mle ndani mwezi wa tano, na mama yako anaumwa, sitakulaumu ukisaini. Ila mtafute kwanza wakili wa uhamiaji, hata kama ni kwa kukopa. Pesa ya bati iliyokuwa ije mwezi huu nimempa wakili wa uhamiaji wa mdogo wangu; nyumba itasubiri.

Mama mdogo, atakupigia Jumapili. Simu ya kule hukatika baada ya dakika 15. Usimuulize kwa nini alikubali. Mwambie mbuzi wake amezaa.