Kikorea: tofauti ya -아/어 보다 na -(으)려고 하다, achana na "jaribu" (jibu refu kidogo)

Wakuu habari za saa hizi. Kuna mdau kauliza hivi, kitabu chake cha Kikorea kimeandika -아/어 보다 (-a/o boda) maana yake kujaribu, af kurasa chache mbele -(으)려고 하다 (-ryogo hada) nayo ikawekwa kujaribu au kukusudia, sasa anatofautishaje, na kaweka sentensi yake 한국어를 배워 보려고 해요 (hangugorul bewo boryogo heyo) anataka ajue kama imekaa sawa. Nimesoma majibu ya juu, wengi wanasema "utazoea tu", mimi siafiki. Hii kitu ina maelezo yake na kwetu waswahili ni nyepesi sana, shida tunaipitishia Kiingereza kwanza wakati Kiswahili chetu chenyewe kinatosha kabisa.

Nianze na kilichonikuta. Nilikuwa Daejeon, mji wa Korea Kusini, mwaka wa kwanza maabara, na kule maabara aliyekutangulia unamwita 선배님 (sonbenim) hata kama kakuzidi mwaka mmoja tu. Asubuhi moja basi likaniacha, nikampigia sonbenim wangu mara 3 kumwambia nachelewa, simu inaita haipokelewi. Nafika kikao kimeshaanza, kilipoisha nikamfuata nikamwambia 전화하려고 했어요 (jonwaharyogo hessoyo), kichwani mwangu nasema "nilijaribu kukupigia". Akaniangalia, akasema 그럼 왜 안 했어? yaani "sasa mbona hukupiga?" Nikarudia ileile nikaongeza 세 번, mara tatu, ndo nikaharibu zaidi, akanyamaza akaondoka. Iliniuma maana simu nilipiga kweli.

Mchana akaja mezani kwangu na simu mkononi, kwenye skrini imeandikwa 부재중 전화 3통, simu 3 hazikupokelewa, zote zangu. Akasema 전화했네, "kumbe ulipiga". Akavuta kiti, akachukua kalamu akaandika nyuma ya karatasi: 전화했는데 안 받으셨어요. Nilipiga ila hukupokea. Ile 으셨 akaizungushia duara, akaniambia hiyo ndo heshima, kwa mkubwa usiiache.

Sasa angalieni nilichokosea. Nilichomwambia ukikileta Kiswahili ni "nilitaka kukupigia". Mtu akikwambia "nilitaka kukupigia jana" wewe unaelewa nini? Hakupiga. Na Mkorea anaelewa hivyohivyo. "Jaribu" yetu inabeba mambo mawili kwa pamoja, umepiga simu ikaita haikupokelewa unasema nilijaribu, na umeishika simu ikawa imezima hata hukupiga napo unasema nilijaribu. Kikorea kinazitenga. Ya kwanza kitendo kimefanyika: 전화해 봤는데 안 받으셨어요. Ya pili kitendo kiliishia njiani: 전화하려고 했는데 배터리가 없었어요, nilitaka kupiga ila simu haikuwa na chaji.

Kwahiyo ushauri wangu, neno jaribu liweke pembeni. 보다 (boda) yenyewe ni kitenzi cha kawaida kabisa, maana yake kuona. Kwahiyo 먹어 보세요 ni "hebu kula uone", 입어 보세요 ni "hebu vaa uone". Si ndo tunavyoongea kila siku? Ukipita sokoni Korea utakuta mama kakata kipande cha tunda kakichoma kijiti anakunyooshea, 한번 먹어 봐요, onja uone. Unafanya, ndo unaona. Ndo maana ikienda wakati uliopita inakuwa habari ya uzoefu, 제주도에 가 봤어요, nimeshafika kisiwa cha Jeju, nimeshajionea. Na kama sisi tunavyosema "jaribu uone!" kwa kutishia, wao pia wana 어디 한번 해 봐, sauti ikikaza hapo hukaribishwi kitu, jiangalie.

Kadogo kwa wanaojiandaa na TOPIK, ule mtihani wa Kikorea kwa wageni: 한번 ikiandikwa pamoja ndo hiyo ya hebu, 한 번 ikiachanishwa ni hesabu, mara moja.

Af 려고 하다 isome kama -taka ku- yetu, ile ya mambo yanayokaribia kutokea. Mvua inataka kunyesha, 비가 오려고 해요. Basi linataka kuondoka, 버스가 출발하려고 해요. Mtoto anataka kulia, 아기가 울려고 해요. Nilipoligundua hili nilikaa nikaliandika daftarini ukurasa mzima kwa furaha, maana wenzangu darasani waliotoka nchi zingine walikuwa wanahangaika sana kuelewa mvua inakusudiaje, mimi kwangu ipo tangu utotoni. Ila msiichanganye na -고 싶다, hiyo ni taka ya hamu ya moyoni. 먹고 싶어요 nina hamu ya kula. Mvua haina moyo, 비가 오고 싶어요 haisemwi. Kama kwenye sentensi yako unaweza kuweka mvua na ikaleta maana, basi ni 려고 하다.

Na ukitaka kisha ukaghairi, wana -(으)려다가: 가려다가 말았어요, nilitaka kwenda nikaghairi. Hiyo 말았어요 mwishoni mimi naisikia kama ghairi kabisa.

Nyingine za nia nitazigusa kwa haraka. -(으)ㄹ게요 ni "ngoja ni-" au "acha ni-", 제가 할게요 acha nifanye mimi, 전화할게요 ngoja nikupigie. Inamhusu anayesikia, unamuahidi, kwahiyo ni kwa "mimi" tu na haiulizwi kama swali. Inatamkwa kama 께 (kke) ila inaandikwa 게 (ge), tangu kanuni za uandishi za 1988, na Wakorea wenyewe wanaikosea hadi leo kwahiyo msijisikie vibaya. -(으)ㄹ 거예요 ni mpango tu, nitafanya. -기로 했어요 tumeshaamua, imepita. -(으)ㄹ까 해요 bado unawaza, "nafikiria niende". -(으)ㄹ래요 ni ya kusema unachopenda wewe, na marafiki sawa, kwa profesa wako usiitumie, inasikika kama unajiamulia. -고자 하다 utaikuta kwenye barua za maombi, 지원하고자 합니다, mtaani ukiongea hivyo watashangaa. Kujitahidi kwa jasho ni 려고 노력하다, hiyo ndo ya kutumia ukitaka mtu ajue umepambana.

Hapa pana mtego lakini: 생각해 볼게요. Kwa maneno ni "ngoja nifikirie nione", ila ukimwomba mtu kitu akakujibu hivyo, mara nyingi ndo imeisha. Ni ile "tutaangalia" ya kwetu. Nilisubiri wiki 2 jibu la mtu niliyemwomba aniazime vitabu, kumbe jibu nilishapewa siku ileile.

Pia 려고 (ryogo) na 러 (ro) watu wanazichanganya sana. 러 inataka mbele yake kitenzi cha mwendo, kwenda, kuja. Na 려고 haikubali amri wala "twende". 밥 먹으러 가자, twende tukale, sawa. 밥 먹으려고 가자, hapana. Na mtaani utawasikia wanasema 갈려고 au 갈라고, sikia tu uelewe, kwenye mtihani andika 가려고. Ila kitenzi ambacho mzizi wake unaishia na ㄹ (herufi ya l) tayari, kama 만들다, ㄹ yake inabaki, 만들려고, hapo hujakosea.

Sasa turudi kwa sentensi yako mdau. 한국어를 배워 보려고 해요 iko sawa na ni nzuri, umeziweka zote mbili pamoja, 배워 보 ni jifunze uone, 려고 해요 ni nataka, jumla "nataka nijifunze Kikorea nione". Ila hiyo anaisema mtu ambaye bado hajaanza. Wewe umesema una miezi 4 sasa na umeshamaliza kitabu cha kwanza, kwahiyo mtu akikuuliza mwambie 한국어를 배우고 있어요, najifunza Kikorea.