Dada wa Likoni, usilipie hao samaki kwanza

Ngoja kwanza. Umesema una tangi la lita 120, unataka kutia gapi, Endler, plati na sodteli pamoja, hawa samaki wadogo wa mapambo wanaozaa watoto hai, na muuzaji amekwambia "aina tofauti hazipandani, ni kama kuku na bata." Ukauliza pia chakula gani kinafaa na kama maji ya kisima yatawadhuru. Mimi nimekwama hapo kwa kuku na bata, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa na mimi, neno kwa neno, na mtu mwenye matangi ukuta mzima.

Nilikuwa nimeagiza Endler safi kutoka Nairobi, madume wanne na majike sita, wakaja kwa basi la usiku. Asili yao ni Venezuela, karibu na Cumaná, na jina lao la kisayansi, Poecilia wingei, walipewa mwaka 2005 tu. Gapi ni Poecilia reticulata. Hao ni ndugu wa damu! Wanapandana bila kusita, na chotara wao nao wanazaa vizuri kabisa, kizazi baada ya kizazi. Yule bwana anauza samaki kila siku, alipaswa kujua. Hasira yangu kwake haijaisha mpaka leo.

Nikawachanganya na gapi wangu. Mwezi wa kwanza raha tupu, vifaranga kila kona. Halafu jioni moja nimeinama kwenye kioo nawalisha, namwona dume mchanga ana doa la chungwa na mstari mweusi wa Endler ubavuni, lakini mkia umefunguka kama kipepeo, mzito kuliko mwili wake, anauburuta. Nilikaa pale na kopo la chakula mkononi nisijue la kufanya.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipopoteza kila kitu. Nilidhani dawa ni kuwatoa madume wa gapi. Nikawatoa siku hiyo hiyo. Baada ya wiki nne majike wakazaa: chotara tena. Wakazaa mara nyingine: chotara tena. Jike wa samaki hawa akipandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume ndani yake, na anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume yeyote kumkaribia. Na usidhani utawachambua majike kwa macho. Jike wa Endler na jike mdogo wa gapi wote ni wa kijivu, utawatazama mpaka macho yakuume. Niliishia kuwagawa wote, ndoo mbili, kwa watoto wa mtaani waliotaka samaki wa kufuga. Ukoo safi niliogharamia ukaishia hapo, na kuupata mwingine hapa Mombasa imenichukua karibu mwaka.

Plati na sodteli hadithi ni hiyo hiyo, wote ni wa jenasi moja, Xiphophorus. Wengi wa madukani wameshachanganyika zamani. Na kuna jambo linalonitisha zaidi: plati mwenye madoa meusi akizaa na sodteli, kisha chotara akazaa tena na sodteli, baadhi ya watoto huota uvimbe mweusi wa saratani. Wanasayansi wamewatumia kuchunguza saratani ya ngozi tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo hili si suala la urembo peke yake.

Katika kila jozi, chagua aina moja. Gapi au Endler. Plati au sodteli. Jozi hii na ile hazizai pamoja, kwa hiyo Endler na plati watakaa tangi moja bila matata. Ukitaka wa tatu, tia moli, samaki mwingine anayezaa watoto hai, aina moja tu, maana moli wa aina mbalimbali nao hupandana. Moli na gapi kuzaa pamoja ni nadra sana, na moli hayo maji magumu ya kisima, yenye madini mengi, atayafurahia. Ukishindwa kabisa kuchagua, basi nunua madume watupu.

Na jike usimchukue kwa kuwa leo umemkuta peke yake tangini. Muulize muuzaji mwezi uliopita alikuwa na nani. Akibabaika, beba mkoba wako urudi feri.