Je, Adams aliuiba urais mwaka 1824?

Ndugu uliyeuliza kama John Quincy Adams alimwibia Andrew Jackson urais wa Marekani katika uchaguzi wa 1824, nionavyo mimi sheria haikuvunjwa, ingawa hasira za wafuasi wa Jackson zilikuwa na msingi. Jackson aliongoza kwa kura 99 za wajumbe wa uchaguzi (watu wanaoteuliwa katika kila jimbo ili wamchague rais) dhidi ya 84 za Adams, lakini ushindi ulihitaji kura 131, kwa hiyo Marekebisho ya 12 ya Katiba yaliupeleka uamuzi Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo, liwe kubwa au dogo, lilikuwa na kura moja tu ya kumpa mmoja wa wagombea watatu wa juu. Henry Clay, aliyeshika nafasi ya nne na ambaye (bahati iliyoje!) ndiye aliyekuwa Spika wa Baraza hilo, alimuunga mkono Adams. Tazama Kentucky, kwao Clay: bunge la jimbo lilikuwa limewataka wawakilishi wake wamchague Jackson, lakini wengi wao walimpa Adams. Tarehe 9 Februari 1825 Adams alishinda kwa majimbo 13, kisha akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Hata hivyo, hoja kwamba Jackson ndiye chaguo la wananchi ipokewe kwa tahadhari, kwa kuwa katika majimbo sita, New York ikiwamo, wajumbe walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na kwingineko wapigakura walikuwa karibu wote wanaume weupe.