Ukifika Denmark kutazama majengo, anza na mota

Vijana wa usanifu majengo wanaokwenda Denmark huniuliza waone nini. Wengi tayari wana orodha: Amager Bakke, kile kiwanda cha kuchomea taka ambacho watu huteleza kwa skii juu ya paa lake, na majengo ya vioo ya bandarini Copenhagen. Nendeni, mpige picha. Ila mkishamaliza, sogeeni karibu na ukuta wowote wa tofali mtazame kilicho kati ya tofali na tofali: mota, ule mchanganyiko unaozishikanisha.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu. Nilikuwa kibarua kwenye ukarabati wa nyumba ya zamani, na kwa kuwa nyumbani nilikuwa fundi mwashi, nikajichanganyia mota mwenyewe, saruji ya kushiba. Kwetu asiyebana saruji ndiye fundi mwaminifu, au siyo? Msimamizi wetu, mzee wa maneno machache, alikwangua kiungio kwa msumari, akasema mota yangu ina nguvu kuliko tofali. Nikadhani ananisifu. Nilibomoa kozi 6, yaani safu 6 za tofali, siku ile.

Ukuta hautulii: hutanuka, husinyaa, na kule maji huganda ndani yake wakati wa baridi. Mota ya chokaa ni laini, kwa hiyo ufa hupita kwenye kiungio, fundi akakwangua na kujaza upya. Mota ikiwa ngumu mno, linalopasuka ni tofali. Ndiyo maana mifuko ya mota kule huandikwa, kwa mfano, KC 50/50/700: K ni chokaa, C ni saruji, na namba zinafuatana kwa uzito, chokaa, saruji, kisha mchanga. Jifunze kuzisoma hizo kabla hujajifunza kuagiza kahawa.

Sasa panda metro hadi Ørestad, mtaa wa Copenhagen, kwenye nyumba za Ressourcerækkerne zilizosanifiwa na kampuni ya Lendager na kukamilika 2019. Kuta zake ni miraba ya tofali za rangi mbalimbali, kama shuka la viraka. Baadhi zimetoka kwenye majengo ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Kwa nini miraba? Tangu miaka ya 1960 hivi mota ya saruji ilienea, na tofali zilizoshikwa nayo hazibanduki nzima. Wakakata ukuta kwa msumeno, vipande vipande, wakavipachika upya. Wageni huusifu ubunifu, nami nausifu, lakini kila nikiutazama nakumbuka mota yangu. Kuta za chokaa hazina taabu hiyo: tofali hutoka moja moja. Kampuni ya Gamle Mursten, jina lenyewe maana yake ni tofali za zamani, huzisafisha kwa mashine ya kutikisa na kuziuza tena.

Tofali lililokwisha kuchomwa halihitaji tanuri tena, na hilo lina uzito tangu 2023, sheria ilipoyawekea kwa mara ya kwanza majengo mapya ya zaidi ya mita za mraba 1,000 kikomo cha kilo 12 za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Vadehavscentret, kituo cha maonyesho karibu na mji wa Ribe, kazi ya msanifu Dorte Mandrup ya 2017. Nilikwenda na majivuno ya mtu aliyekulia chini ya makuti. Nikakuta matete yameezekwa nene juu ya paa, kisha yakateremka hadi ukutani, yamekatwa sawasawa kama nywele kwa kinyozi. Majivuno yaliniisha.

Beba futi ya kupimia. Tofali la kawaida la Denmark ni milimita 228 kwa 108 kwa 54, na pamoja na mota, kozi 3 hutimiza sentimita 20. Ukikuta ukuta ambao hesabu hiyo haitimii, uliza jengo ni la mwaka gani.