Pikapu ya msaada na makato ya kodi Marekani
Unauliza kama ukitoa pikapu yako msaada unaweza kukata bei yake ya sokoni unapojaza kodi? Hapana ndugu, si bei ya sokoni. Hapa Marekani ukitoa pikapu kwa shirika la hisani nalo likaiuza, unachokata kwenye mapato yanayotozwa kodi ni kile kiasi ilichouzwa, kikiwa kimezidi dola 500. Mimi nilitoa Ford Ranger, bodi imeliwa na kutu na mlango wa nyuma nimeufunga kwa kamba. Nilidhani ina thamani ya dola 2,500. Mnadani ikaenda kwa 900. Fomu 1098-C waliyonitumia, ile ya kuthibitisha msaada wa gari, kisanduku 4c cha pesa za mauzo, iliandikwa 900, basi.

Bei ya sokoni unaidai pale tu shirika likiitumia lenyewe kwa kazi zake, tuseme kubebea chakula cha msaada, au likiifanyia matengenezo makubwa, au likimpa mtu mhitaji. Waulize kabla hujawakabidhi ufunguo. Na haya yanakufaa ukiwa unaorodhesha makato yako moja moja kwenye fomu ya kodi. Ukichukua kato la kawaida, yaani kile kiasi kimoja kilichopangwa bila kuorodhesha, kwa gari hupati kitu.

Usisahau kutoa taarifa kwa ofisi ya magari ya jimbo lako kwamba gari si lako tena, faini za maegesho zisije kwa jina lako.