Jiko la kwenye kaunta: kazi iko ndani ya kabati

Fundi mgeni akiitwa kufunga jiko la kupachikwa kwenye fleti ya Kilimani au Kileleshwa, Nairobi, macho yake hukimbilia tundu la graniti. Hilo aachiwe fundi wa mawe. Kazi yako iko chini, kabatini, mahali ambapo hakuna atakayepachungulia ukishaondoka.

Anza kwa kulipindua jiko usome kibandiko. Kikisema G20, 20 mbar (kipimo cha shinikizo la gesi), limetayarishwa kwa gesi asilia. Sisi tunapikia gesi ya mtungi, kwa hiyo tafuta G30, 28–30 mbar, na regyuleta, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza shinikizo, ilingane nayo. Jeti, yaani vipande vyenye tundu dogo la kutolea gesi kwenye kila jicho la moto, za gesi asilia zina matundu makubwa. Zikipata gesi ya mtungi, moto unarefuka, unageuka manjano, sufuria zinashika masizi na hewa ya sumu inajaa jikoni. Jeti ndogo kwa kawaida huwa kwenye kifuko ndani ya katoni, na hufunguliwa kwa spana ya boksi, mara nyingi ya milimita 7. Namba iliyochongwa ndiyo kipenyo: 85 ni milimita 0.85. Kifuko kikikosekana, agiza jeti za jiko lilelile. Usitoboe wala kuziba jeti. Ukishabadilisha, rekebisha pia skrubu ya moto mdogo.

Kiungo cha nusu inchi, gesi inapoingilia kwenye jiko, ndipo wengi huharibu. Uzi (mikato ya kukazia) ulionyooka huzibwa na washa, ile pete laini ya kuzibia. Tepu ukiizungusha hapo inaizuia washa kukaa, na gesi inavuja. Tepu ya gesi ni ya uzi uliochongoka kuelekea ncha. Shikilia kiwiko (kiungo kilichopinda) kwa spana ya pili unapokaza, la sivyo unapinda bomba laini la ndani ya jiko.

Mpira uwe wa gesi, usizidi mita 1.5, usipite nyuma ya oveni, na ufungwe kwa klipu za skrubu, kamwe si waya. Mtungi ukikaa balconi, ukutani pitisha bomba la shaba ndani ya ala, yaani bomba pana la kulikinga. Mpira haupiti ukutani. Valvu ya kufungia iwe kabati la pembeni, mkono uifikie bila kuupita moto.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni mwa kabati, na ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha. Ndiyo maana matundu ya hewa hutobolewa chini ya kabati, si juu.

Kisha pima: vitasa vyote vimefungwa, mtungi wazi, paka povu la sabuni kila kiungo ukitazama mapovu yanayokua. Kiberiti kikae mbali. Halafu washa, uupulize moto uzimike bila kugusa kitasa. Ndani ya dakika moja na nusu utasikia kidude cha usalama kikifunga gesi. Kisipofunga, usiliache jiko likitumika.

Usiondoke kabla mwenye nyumba hajaifunga valvu kwa mkono wake mbele yako. Dada wa nyumbani naye aifunge, maana mara nyingi ndiye mpishi.