Jibu: Idadi za kunukuliwa zinazopishana, uandike ipi?

Salaam dada. Umesema uko Tudor unaandika pendekezo la utafiti wa haiba (hulka za mtu), na kazi za mwanasaikolojia Robert McCrae zina idadi kubwa ya kunukuliwa, yaani mara zilizotajwa na waandishi wengine, kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, lakini Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, inakupa ndogo zaidi. Hujakosea kuhesabu.

Anza na vitabu. McCrae na mwenzake Paul Costa walitoa mwongozo wa NEO-PI-R, dodoso la kupima haiba, mwaka 1992, nao hunukuliwa mno. Google Scholar huokota kila kitu: miongozo, tasnifu za wanafunzi, hata rasimu zilizopakiwa na mtu yeyote. Scopus huhesabu zaidi majarida iliyoyachagua. Nawasaidia wanafunzi hapa Mombasa na hapo ndipo wengi hukwama, maana saikolojia ya haiba imejengwa juu ya madodoso, na mwongozo wa dodoso si makala ya jarida.

Kisha angalia majina. Oliver John, naye wa haiba, ana jina la ukoo ambalo kwetu ni la ubatizo. Ukitafuta ovyo utamchanganya na akina John wote duniani.

H-indeksi ya Hirsch (2005), kipimo cha mtafiti kinachojumlisha wingi wa kazi na kunukuliwa kwake, usiitegemee sana. Ukiwa na 20, ni kazi 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja, basi. Anayeanza juzi hawezi kushindana na mzee wa miaka arobaini kazini.

Andika idadi moja tu, taja chanzo na tarehe uliyoiangalia. Chanzo kipi, muulize msimamizi wako kwanza. Wasimamizi wengine Google Scholar hawataki hata kuisikia.